Nkambo asiye na kwao: mama, utumwa na hadithi zetu

Wenye kukomaa Likasi katika miaka ya 1970 wanakumbuka tablo za saloni. Ukiingia kwa mtumikaji wa Gécamines, iwe Kikula ao Panda ao Shituru, ulikuta ukutani mamba muntu na nywele zake ndefu, ao kijiji chenye mitende kando ya maji, ao Colonie Belge: askari anapiga mfungwa fimbo mbele ya bendera ya Wabelgiji. Katika nyumba zingine kulikuwa tablo iliyoitwa Arabisé. Humo watu wenye kanzu nyeupe na bunduki wanapeleka watumwa waliofungwa shingo, na nyuma yao kijiji kinawaka moto. Wachoraji walitumia kitambaa cha mifuko ya unga, na bei haikuwa kubwa, kwa hiyo hata mtu wa mshahara mdogo aliweza kununua moja. Johannes Fabian, profesa aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ile, alizikusanya na kuandika vitabu juu yake. Alipouliza watu kwa nini wanatundika mateso mbele ya wageni, walimjibu kwa neno moja: ukumbusho.

Kwetu tulikuwa na Arabisé. Baba aliinunua mwaka 1975. Jioni alipenda kutuelezea: huyu ni Mwarabu, huyu ni nyampara, hii ni bunduki ya baruti, hawa ni bankambo wenu. Alihesabu wanaume kwa kidole. Mwisho wa mstari kulikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, lakini kidole cha baba hakikufika pale. Nkambo, mama ya mama yetu, aliishi na sisi, na kila mara alipoingia saloni aligeuza kiti chake ili tablo ibaki mgongoni. Sisi watoto tulicheka. Siku moja tulimuuliza. Akajibu: "Ule mama wa nyuma, balimuchora bila macho." Tulienda kuangalia karibu. Ilikuwa kweli. Wanaume wote walikuwa na macho, hata mbuzi alikuwa nayo, lakini mwanamke alipewa tu doa jeusi chini ya kitambaa cha kichwa.

Nkambo alikufa mwaka 1978, mwaka wa vita ya Kolwezi. Hapo njo tulianza kuelewa.

Msomaji wa hapa anajua desturi. Upande wetu wa kusini, kwa Walamba, kwa Wabemba na kwa majirani wao, mtoto anahesabiwa kwa ukoo wa mama. Mtu akifa, hauziki kabla ya kujulisha watu wa upande wa mama yake. Wajomba ndio wenye mwili na ndio wenye neno la mwisho. Kwa hiyo siku ile ya kilio wazee waliuliza: mama ya marehemu alikuwa wa ukoo gani, tupeleke habari wapi? Watu wakaangaliana. Mama yetu hakujua. Dada zake hawakujua. Mzee mmoja wa upande wa baba akasema kwa sauti ya chini, lakini tulisikia: "Ule hakukuwa na kwabo. Balimuletaka."

Walimleta. Neno moja tu, na kilio chote kikanyamaza.

Ili kuelewa neno lile ni lazima turudi nyuma miaka karibu mia moja, mpaka Bunkeya. Msiri, mtu aliyetoka mashariki, upande wa Unyamwezi, alijenga mji wake pale katika nusu ya pili ya karne ya 19. Njia mbili zilikutana kwake. Moja ilienda magharibi, mpaka Bihe na bahari ya Benguela. Nyingine ilienda mashariki, mpaka Tabora na Unguja. Shaba ya milima yetu, chumvi, pembe za ndovu na watu walitoka. Bunduki, baruti, nguo na ushanga viliingia. Misionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya mwezi wa pili mwaka 1886 na kukuta mji mkubwa wenye watu wa makabila mengi, na mfalme mwenye wake kwa mamia. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga Msiri risasi, na vitabu vya masomo vinaandika hapo kwamba utumwa uliisha. Haukuisha. Wafanyabiashara wa Bihe waliendelea kununua watu kuelekea magharibi kwa miaka mingi baada ya mfalme kufa.

Lakini picha ya watu waliofungwa shingo, ile ya tablo, ni nusu tu ya habari. Wanaume wengi waliotekwa walipelekwa mbali. Wanawake wengi na watoto walibaki humu humu, kijiji hiki ao kile, na hakuna mnyororo uliowafunga. Mtu aliuzwa kwa deni. Mtu alitolewa rehani. Mtu alitolewa kulipa kifo: mke akifa, ndugu zake walidai mali kwa mume, na mume asiye na kitu alitoa binti. Mwanamke wa namna hiyo aliolewa, alilima, alizaa, alipika bukari kama wengine. Ukipita kijijini hukuweza kumtambua kwa macho.

Kulikuwa na sababu ya wanaume kumpenda, na wazee hawapendi kuisema. Katika nchi ya ukoo wa mama, mwanaume anazaa watoto ambao si wake. Wajomba wa mke watawadai. Lakini akioa mtumwa, hakuna mjomba. Hakuna mkwe wa kumwogopa wala wa kumlipa. Watoto wote wanabaki kwake na wanaongeza nyumba yake. Kwa maneno mengine, bei ya mwanamke yule haikuwa mikono yake tu. Walinunua ile hali yake ya kutokuwa na mtu. Kila mtoto aliyezaa alimfunga zaidi, kwa sababu angekimbia vipi na kuwaacha, na angekimbilia kwa nani? Kwa Kiluba utumwa ni bupika, na mtumwa ni mupika. Hata leo, katika ugomvi wa urithi ao wa kiti cha uchifu, mtu anaweza kumwambia mwenzake neno lile ao linalofanana nalo, na watu wakashikana mashati. Waliotukanwa hawajapata kumwona mtumwa hata mmoja katika maisha yao.

Kuna hadithi moja ya zamani inayoonyesha nguvu ya jambo hili, na aliyeisimulia ni mfanyabiashara mwenyewe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sisi tunamwita Tippo Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Anasema kwamba katika safari zake za miaka ya 1870 alikaribia nchi ya Utetera, kaskazini ya kwetu, ambako alitawala mzee Kasongo Rushie. Alisikia kwamba zamani dada za mzee yule walitekwa na Waluba wakapotea. Tippo Tip akashika habari ile na kuishona. Akatangaza kwamba nkambo wake mwanamke alikuwa mmoja wa dada wale, kwamba alichukuliwa Urua na babu yake, akamzalia mama yake. Kwa hiyo yeye, Tippo Tip, ni mjukuu anayerudi nyumbani. Mzee akaamini. Akalia, akamkabidhi uchifu, na pembe za ndovu juu yake.

Tumesoma ukurasa ule mara nyingi katika kikao cha chama chetu, na wengine hucheka ujanja wake. Sisi hatucheki sana. Angalia alichotumia. Hakutumia bunduki siku ile. Alitumia mama aliyepotea. Katika nchi ile kila jamaa ilikuwa na dada, shangazi, binti aliyechukuliwa, na waliobaki walingoja miaka arobaini mtu atokee na kusema: miye ni wa damu yake. Mtu aliyeishi kwa kununua na kuteka wanawake alijua vizuri jeraha lao liko fasi gani, na aliingiza kidole humo. Yule dada mwenyewe ndiye hatumsikii kabisa katika kitabu chake.

Bahati nzuri kuna mwanamke mmoja tunayemsikia, na ni wa kwetu. Jina lake Bwanikwa, Mluba. Dugald Campbell, misionari Mskoti aliyefanya kazi Katanga na Luapula, aliandika maneno yake katika kijitabu kilichotoka mwaka 1916, na mwanahistoria wa Marekani Marcia Wright akamrudia mwaka 1983 na tena katika kitabu cha mwaka 1993. Kichwa cha Campbell kinasema kwamba alikuwa mtumwa mara kumi. Hatumjui mwingine wa nchi hii aliyehesabu mabwana zake namna hiyo, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu majani ya mvua aliyoyapita.

Mwanzo wake ulikuwa ule ule tuliousema: deni la kifo. Mke wa baba yake alikufa, ndugu za mke wakadai watumwa, na baba hakuwa na wa kutosha. Akamtoa binti. Kutoka hapo Bwanikwa alipita mikononi, akauzwa, akatolewa zawadi, akakimbia, akashikwa tena, mpaka nchi ya Msiri. Mtu wa mwisho kumpata alikuwa Kawimbe, aliyekuwa karibu na misheni. Waliishi kama mke na mume, na maisha yao yalikuwa mema. Watu wangesema: mama, sasa umefika, shukuru. Lakini Bwanikwa alijua kwamba Kawimbe alimpata kwa kumlipia. Basi akafanya kazi, akaweka akiba yake mwenyewe, akapata bunduki, mali kubwa wakati ule, akamtolea mume wake ili kujikomboa. Mume akapokea. Wakaendelea kukaa pamoja.

Wakati tulipoeleza habari hii katika kikao, baba mmoja aliuliza ilileta faida gani, kwa kuwa alibaki katika nyumba ile ile, na mume yule yule, akilala kitanda kile kile. Bamama waliokuwepo ndio walimjibu, na walimjibu kwa kelele. Mmoja alisema: "Mbele alikuwa paka kintu ya nyumba. Nyuma ya ile siku, akikaa, njo yeye alitaka kukaa." Sisi tunaongeza hili tu: baba yake alimtoa kulipa deni, na yeye alijilipa mwenyewe, kwa hiyo hesabu aliyoifunga ilikuwa ya zamani kuliko Kawimbe.

Na kama Bwanikwa anatuonyesha binti, kuna habari nyingine, ya mashariki kabisa, inayotuonyesha mama. Katika miaka ya 1860 masista wa misheni ya Unguja walipokea msichana Myao, Swema. Padri Horner akaandika maneno yake, na Edward Alpers akayachambua baadaye. Mama ya Swema alikuwa na deni. Mdai alikuja, akamchukua mtoto, akamuuza kwa msafara. Mama hakukubali kubaki. Aliomba msafara umpokee na yeye, abebe pembe ya ndovu, ili tu awe njiani na binti yake. Kwa maneno mengine alijitia utumwani kwa miguu yake mwenyewe. Njaa na uzito wa pembe vilimshinda. Alipoanguka, walimwacha afe, na mtoto akavutwa mbele. Swema alifika Unguja karibu maiti, wakamfukia mchangani akiwa bado anapumua, na mpita njia akasikia kilio chake.

Tunajua kwamba misheni ilipenda kusimulia Swema ili kupata msaada Ulaya. Hata hivyo yule mama mwenye pembe kichwani hakuna misheni iliyomtunga. Ukimsoma, unaelewa kwamba watu wa msafara ule walinunua mtoto na kupata mchukuzi bure.

Sasa tuseme juu ya riwaya, maana vijana wetu wa chuo wanauliza kwa nini tunashughulika na hadithi za kubuni wakati kuna historia. Historia inasema kwa wale walioandikwa. Wengine wanangoja riwaya.

Mwaka 1856 mtumwa wa Kentucky, Margaret Garner, alivuka na jamaa yake mto Ohio ulioganda kwa baridi, wakajificha Cincinnati. Waliowawinda walipozunguka nyumba, alimchinja binti yake mdogo kwa kisu ili asirudishwe. Magazeti yaliandika, mahakama ikabishana kama ashtakiwe kwa kuua ao arudishwe kama mali, na akarudishwa. Toni Morrison, mwandishi Mwamerika mweusi, alichukua habari hiyo akaandika Beloved, mwaka 1987. Hakuandika tu kisu. Aliandika miaka iliyofuata: Sethe akiwa huru, katika nyumba yake, na mtoto aliyemuua anarudi kuketi mezani na kudai. Tulikisoma kwa tafsiri ya Kifaransa, kopi moja kwa watu tisa. Wazee wawili walisema mama Mwafrika hawezi kufanya kitendo kile. Tuliwajibu kwamba hakuna anayemsifu, hata Morrison hamsifu. Anauliza swali gumu zaidi: mwanamke ambaye sheria inasema watoto wake si wake, siku moja akisema ni wangu, atalisema kwa njia gani?

Kwa Sethe uhuru unakuja na hauponyeshi. Hilo ndilo lilitugusa sisi watu wa Likasi, maana vitabu vyetu vya zamani vilifunga hadithi mapema. James Mbotela wa Kenya, katika Uhuru wa Watumwa wa mwaka 1934, anasimulia vizuri mateso ya njia, halafu meli ya Waingereza inafika, watu wanashushwa Freretown karibu na Mombasa, na yote yanakuwa shukrani. Alikuwa mtoto wa mtu aliyekombolewa, tunamheshimu. Lakini usiku wa wale mama wa Freretown, na majina ya watoto waliobaki njiani, havimo. Adam Shafi wa Zanzibar, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, anakwenda mbali zaidi, kwa sababu anaonyesha kwamba karatasi ya kukomesha utumwa haikuondoa bwana katika kasri. Na Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, katika Paradise ya mwaka 1994 anamchukua Yusuf, mvulana anayetolewa kwa tajiri kwa ajili ya deni la baba. Kitabu kipo sasa kwa Kiswahili, Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Ukisoma sura ya safari ya bara, unajisikia mtu anakutazama kutoka upande mwingine wa dirisha: ile nchi ya hatari wanayoiendea ni huku kwetu. Deni la baba, mtoto analipa. Bwanikwa angemwelewa Yusuf bila mkalimani.

Likasi ilizaa mwandishi mkubwa. V. Y. Mudimbe alizaliwa hapa mwaka 1941, wakati mji ukiitwa Jadotville, akafariki mwaka 2025. Katika Shaba deux, ya mwaka 1989, aliandika kwa sauti ya mwanamke, daftari za Mère Marie-Gertrude, wakati wa vita ile ile ya 1978. Wakati mwingine tunajiuliza angeandika nini kama angeketi siku moja kwenye kilio chetu. Riwaya ya mwanamke aliyeletwa Bunkeya, kwa mkono wa mtu wa Likasi, sisi bado tunaingoja.

Turudi basi kwenye kilio.

Tulitafuta karatasi za Nkambo. Alifika Panda na mume wake katika miaka ya 1930, wakati Union Minière ilikuwa imekwisha kuamua kwamba ni heri watumikaji waishi kambini na wake zao, wazae hapo hapo, kampuni isitafute watu mbali tena. Alizaa watoto sita kambini, wakapimwa kilo na kuandikwa. Katika kitambulisho chake, pale pa kijiji cha asili, kulikuwa jina. Tulifurahi. Tukauliza wazee, tukauliza madereva wa malori, na miaka mingi baadaye tukauliza hata mtu wa ramani. Kijiji cha jina lile hakuna anayekijua. Tunafikiri karani alimuuliza, naye akatoa jina ili foleni iendelee.

Siku ya pili ya kilio mwili ulikuwa bado nyumbani na wazee walikataa kuzika. Hapo mzee mmoja Mluba wa avenyu yetu, mtumikaji aliyekwisha kupumzika, mtu wa kucheza dama chini ya mwembe, alisimama katikati ya watu. Alivua kofia. Akasema: "Miye njo mujomba yake. Mama yake alitokaka kwetu. Tulimupoteza, sasa tunamuona. Muzike." Akataja jina la mto, akataja majina ya bankambo watatu, akapokea maji na mkeka kama anavyopokea mjomba, akatoa mkono wa udongo wa kwanza.

Bamama wakapiga vigelegele katikati ya kilio. Mama yetu alimwita mujomba mpaka siku alipokufa na yeye, na kila mwaka mpya tulimpelekea kuku na munkoyo.

Mwaka 1991 mtoto wake alituambia ukweli. Mzee hakuwa na uhusiano wowote na Nkambo. Majina yale matatu yalikuwa ya bankambo zake mwenyewe, na mto ulikuwa wa kijiji chake. Usiku ule alisikia mabishano kupitia ukuta, akamwambia mke wake kwamba hawezi kulala.

Tablo iko sasa kwa dada yetu mkubwa, Kikula. Maji ya mvua yaliingia pembeni na Mwarabu wa kwanza amefutika nusu. Mwaka uliopita mjukuu wake alipanda juu ya kiti na bik ya bluu na kumchorea yule mama macho. Alipigwa kidogo. Hakuna aliyeyafuta.